Mzazi Mlevi na Haki ya Mtoto

Msomaji, mtu akikuuliza mtoto ni wa nani, yamkini utamjibu upesi ya kuwa mtoto ni wa mama na baba yake. Jibu hilo ni jema, na nyumba nyingi duniani zasimama juu yake. Walakini liko swali la pili, nalo halijibiwi upesi: ikiwa mama na baba wameshikwa na ulevi hata hawawezi kumlisha mtoto wala kumlinda, je, mtoto angali wao? Na ikiwa si wao tena, nani mwenye mamlaka ya kusema hivyo, na aseme baada ya muda gani? Hili ndilo jambo nitakalo tulifikiri pamoja. Ni zito kuliko umri wako, lakini halikungoja umri wako; pengine limekwisha kuingia katika nyumba ya jirani, au limeketi katika dawati lililo karibu na lako.

Nitaanza na neno lenyewe. Watu husema "haki za mzazi" kama wasemavyo haki ya mtu juu ya shamba lake au mbuzi wake. Sheria zetu hazisemi hivyo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, na ile ya mwaka 2022 iliyoshika mahali pake, zote mbili zatumia jina jingine, yaani wajibu wa mzazi. Na zinapoueleza wajibu huo zataja kwanza kazi zimpasazo mzazi, ndipo zikataja haki na mamlaka yake. Mpangilio huo si wa bahati. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake, mama na baba wakichukua mzigo huo sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kisha yasema ya kuwa katika kila jambo limhusulo mtoto, maslahi bora ya mtoto hutangulia mengine yote. Mwenye haki katika kifungu hicho ni mtoto. Mzazi ni mdaiwa.

Lakini mdaiwa ashindwaye kulipa si lazima awe mwizi. Pengine ni mgonjwa. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Uraibu wa pombe na wa dawa za kulevya, waganga wa leo wauhesabu kuwa maradhi, na Shirika la Afya Duniani limeutia katika orodha yake ya magonjwa. Mtu hachagui kuugua, ijapokuwa mara nyingi huchagua tone la kwanza. Hatumnyang'anyi mwenye kifua kikuu watoto wake, bali twamtibu. Kwa upande wa pili, mwenye kifua kikuu hauzi godoro la mtoto ili anunue kikohozi.

Yafaa pia tusimwonee mtu. Si kila anywaye ni mlevi, wala si kila nyumba inukayo pombe ni nyumba mbaya. Nilisoma chuo cha ualimu pamoja na vijana wawili ambao karo yao ilitoka katika pipa la chang'aa. Mama zao walipika usiku, wakauza mchana, wakakimbia askari, wala hawakuonja kinywaji walichopika. Chang'aa ilikuwa imekatazwa kabisa nchini mpaka sheria ya mwaka 2010 ilipoiruhusu, kwa sharti itengenezwe kwa kipimo na kutiwa katika chupa. Katika miaka ya marufuku, na hata baadaye, wako walioichanganya na methanoli ili ipate ukali. Mwaka 2000 pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, na wengine wakapofuka. Basi mtu anywaye, mtu apikaye na mtu aliyetekwa na kinywaji ni watu watatu mbalimbali. Hakimu asiyewatenganisha atawaondoa watoto katika nyumba za maskini kwa kosa la umaskini, jambo ambalo limetokea katika nchi nyingi.

Kutekwa ni nini? Katika miji ya pwani yetu adui aliyeingia tangu miaka ya 1980 ni heroini, ambayo watu huiita unga. Mtu aliyeizoea akiikosa kwa saa chache hupatwa na arosto: mifupa humwuma, tumbo humsokota, jasho la baridi humtoka, usingizi humkimbia. Katika hali hiyo hafikiri neno jingine ila kupata unga. Mtoto aliapo njaa, sauti yake humfikia mzazi huyo kama sauti itokayo ng'ambo ya mto. Mapenzi hayakufa, kama wengi wadhanivyo. Yamefungiwa chumbani, na ufunguo umo mkononi mwa mwingine. Fedha ya chakula huenda, kisha huenda redio, sufuria, kanga na vitanda. Halafu huenda wakati. Hakuna aulizaye nani amelala nje wala nani ana homa. Mtoto mkubwa wa nyumba hiyo, awe na miaka 9 au 14, hugeuka mzazi.

Nilimjua mmoja. Katika shule ya pwani nilikofundisha baada ya kutoka chuoni, palikuwa na msichana wa kidato cha pili. Sitamtaja jina, wala shule, wala kijiji. Ulikuwa mwaka 2016. Alikuwa hodari wa hesabu, hasa hesabu za fedha, na baadaye nilifahamu sababu. Alikuwa na ndugu wawili, mmoja mvulana wa miaka 8, na mwingine kitoto cha kiume cha mwaka mmoja na nusu. Baba alikuwa amekwenda zake. Mama alitumia unga. Alfajiri msichana aliteka maji, akamwogesha mdogo, akampeleka kwa jirani ambaye alimlipa kwa kumfulia nguo jioni, ndipo akaja shuleni. Aliijua bei ya unga wa sembe katika kila duka la mtaa wake, na bei ya ule unga mwingine aliijua pia. Neno moja lilikuwa na maana mbili katika nyumba ile, na maana moja ilikula nyingine.

Nilipomwuliza kwa nini huchelewa, alisema uwongo. Mara mama ana malaria, mara mama ana presha, mara mama amesafiri. Ulikuwa uwongo wa heshima, na sikumwadhibu kwa ajili yake. Kisha siku moja alikuja amevaa sketi ya kuazima iliyomfikia vifundoni, kwani sare yake ilikuwa imeuzwa. Hapo alinieleza yote, na alipokwisha akasema, "Mwalimu, tafadhali usiwaambie. Ukisema watatuchukua. Watatugawa kama vifaranga."

Neno hilo, "watatugawa", ndilo linifanyalo niandike insha hii. Nilikuwa nimedhani ya kuwa hofu yake kubwa ni njaa, au kipigo, au wale wanaume waliokuja nyumbani usiku. Hizo zilikuwapo. Lakini juu ya zote aliogopa kutengwa na mama ambaye alikuwa amemwuzia nguo zake, na kutengwa na wadogo zake ambao yeye ndiye aliyewalea. Mtu mzima afikiriye jambo hili bila kumwuliza mtoto ataliona nusu tu.

Hata hivyo nilisema, na mwalimu mkuu akamwita afisa wa watoto wa kaunti ndogo, maana sheria haikuwapa walimu ruhusa ya kunyamaza kwa huruma. Katika chumba chetu cha walimu palizuka mabishano makali. Mmoja wetu, mtu mwema na mama wa watoto wanne, alisema ya kuwa kamba iliyooza haifungiki tena, heri ikatwe mara moja. Naye alikuwa na hoja. Walikuwapo mume na mke wasiojaliwa mtoto, watu wa ibada na wenye kipato, waliokuwa tayari kukiasili kile kitoto kidogo. Kitoto kingepata nyumba, jina, shule na bima. Wale wawili wakubwa hawakutakiwa na mtu.

Upande wa pili alisimama bibi yao, mama mzaa mama, mwanamke wa miaka zaidi ya 60 aliyekaa kijiji kingine na kuuza maandazi. Bintiye alikuwa amemwibia mara nyingi hata akamfukuza. Alipopata habari ya mahakama alikuja kwa miguu. Aliniambia, "Mwanangu, wataka serikali ikate kitovu mara ya pili? Mara ya kwanza nilikikata mimi." Ilinibidi nimweleze ya kuwa hakuna aliyekusudia hivyo, na ya kuwa mahakama ina njia nyingi kabla ya kufika huko. Hakimu aliwaweka watoto wote watatu chini ya ulinzi wa bibi, afisa wa watoto akiwatazama, na mama akaruhusiwa kuwaona mchana, akiwa na akili timamu. Mama alikwenda kliniki. Mwishoni mwa mwaka 2014 serikali ilikuwa imeanza kutoa methadoni katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata huko Malindi. Ni dawa inywewayo kila siku mbele ya mwuguzi, ambayo huzuia arosto, ili mtu apate nafasi ya kuishi. Mama yule alianza, akaacha, akaanza tena, akaacha tena, akaanza mara ya tatu.

Mwaka 2019 alikuwa amesimama imara, na kile kitoto, ambacho sasa kilikuwa na miaka 4 na zaidi, kikarudi kwake pamoja na kaka yake. Waweza kusema huu ni ushindi, nami nasema vivyo hivyo. Walakini mhesabu na yule msichana. Mama alipopona, binti alikuwa amemaliza kidato cha nne. Hakuwa mtoto tena. Miaka mitatu ilikuwa muda mfupi kwa ugonjwa ule, waganga wangeusifu. Kwake yeye ilikuwa ndiyo sehemu yote ya utoto iliyokuwa imesalia.

Hii ndiyo shida iliyo katika kiini cha jambo letu. Mzazi mgonjwa ana saa yake, nayo huenda polepole, hurudi nyuma, husimama, kisha huendelea. Mtoto ana saa yake, nayo haisimami hata usiku mmoja. Sheria haina budi kuchagua itazame saa ipi.

Nchi ya Marekani iliamua kuandika jibu kwa tarakimu. Kabla ya hapo watoto mamia ya maelfu waliondolewa kwa wazazi wao, wakatiwa katika nyumba za walezi wa muda, na wengi wakahamishwa nyumba hadi nyumba mwaka baada ya mwaka, wakingoja wazazi wapone. Wengine walifikia utu uzima wakingali wakingoja. Basi mwaka 1997 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria, na Rais Bill Clinton akaitia sahihi mwezi Novemba. Yasema ya kuwa mtoto akiwa katika malezi ya muda kwa miezi 15 katika miezi 22 iliyopita, jimbo halina budi kuiomba mahakama ikate haki za wazazi, ili mtoto apate kuasiliwa. Kukatwa huko si adhabu ya muda. Ni mwisho. Katika sheria mama huwa si mama tena. Hawezi kudai kumwona mtoto, wala kuulizwa atasoma wapi, wala kuarifiwa akiugua.

Ukiisikia hesabu hiyo mara ya kwanza waweza kuiona kuwa ya haki, maana angalau mtoto ajua atangoja hadi lini. Lakini mkumbuke mama yule aliyeanza methadoni mara tatu. Miezi 15 ingemkuta katika kuanguka kwake kwa pili. Na watu walio katika ugonjwa huu aghalabu huanguka zaidi ya mara moja kabla ya kusimama. Waliotunga sheria ile walijua ya kuwa tarakimu ni kisu butu, kwa hiyo waliacha milango mitatu: jimbo laweza lisiombe ikiwa mtoto amewekwa kwa jamaa yake, au ikiwa kuna sababu ya nguvu ya kuonyesha ya kuwa kukata hakumfai mtoto, au ikiwa serikali yenyewe haikumpa mzazi msaada iliopaswa kumpa. Mlango wa tatu ni wa kutazamwa sana na nchi maskini. Je, ni haki kumhesabia mtu miezi ikiwa hospitali ya kumtibu haiko?

Tena Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kusema, mwaka 1982, katika kesi iliyotoka jimbo la New York, ya kuwa mzazi hapotezi kila haki yake kwa sababu tu hakuwa mzazi wa mfano, na ya kuwa kabla ya kumkatia mtu uzazi wake serikali lazima ilete ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha, si ule wa kuelemea upande mmoja kidogo tu kama katika madai ya fedha. Mizani hiyo ya ushahidi naipenda. Yakubali ya kuwa kuna vitu ambavyo havipimwi kwa kipimo cha deni la dukani.

Lakini lilitokea jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Watoto wengine walikatwa kwa wazazi wao, kisha hakuna aliyekuja kuwaasili. Walikuwa wakubwa mno, au wagonjwa, au walikuwa ndugu watatu au wanne na watu walitaka mmoja. Wakawa yatima ambao wazazi wao wangali hai. Ndipo majimbo kadhaa, California ikiwa miongoni mwa ya kwanza, yakatunga sheria za kuwawezesha baadhi ya watoto hao kuomba wazazi waliopona warudishiwe haki zao. Kitambaa kilichokatwa kikatafutiwa uzi. Nikisoma habari hizo humkumbuka yule msichana na vifaranga vyake.

Waingereza walijaribu njia nyingine, ambayo mbegu yake waliitoa Marekani. Hakimu mmoja wa London, Nicholas Crichton, alichoka kuwaona wanawake wale wale wakirudi mbele yake, kila mara kwa ajili ya mtoto mwingine wa kuondolewa. Mwezi Januari 2008 mahakama ya namna mpya ikaanzishwa huko kwa kesi za wazazi waliotekwa na pombe na dawa. Mzazi akiingia humo hupewa waganga na washauri wanaofanya kazi pamoja na mahakama, hupimwa mara kwa mara, na kila wiki mbili huketi na hakimu, hakimu yule yule kila mara, bila mawakili, akaulizwa: wiki hizi mbili umekwendaje? Akiendelea vizuri husifiwa na mtu ambaye sifa yake ina uzito. Akianguka huambiwa kweli usoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brunel walioifuatilia mahakama hiyo waliona ya kuwa akina mama walioacha ulevi na kurudishiwa watoto walikuwa wengi kuliko katika mahakama za kawaida. Wengine hawakuweza, na watoto wao wakapelekwa kwingine. Lakini hata hao walijua ya kuwa walipewa nafasi ya kweli, na mtoto akikua ataweza kuambiwa hivyo. Kumbuka ya kuwa saa ya mtoto haikusahauliwa huko pia: sheria ya Uingereza ya mwaka 2014 yataka kesi za kuwaondoa watoto ziishe kwa kawaida katika wiki 26.

Sasa turudi kwetu. Hakimu wetu aweza kumweka mtoto kwa jamaa, au kwa mlezi wa muda, au kwa mlezi aliyewekwa na mahakama, au katika makao ya watoto. Katika njia hizo zote mtoto hubaki kuwa wa wazazi wake kwa jina na kwa urithi, na mlango haukufungwa kwa komeo. Kuasiliwa ni jambo jingine. Mtoto aliyeasiliwa huhesabiwa kuwa kama aliyezaliwa na waliomwasili. Kwa kawaida wazazi huulizwa ridhaa yao, lakini mahakama yaweza kuiacha ridhaa hiyo ikiwa mzazi amemtupa mtoto, au amedumu katika kumtelekeza au kumtesa. Humo ndimo mzazi mlevi awezamo kumpoteza mtoto wake daima.

Kwa Waislamu iko njia ya kafala, ambayo Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, uliokubaliwa na Kenya mwaka 1990, waitaja kwa jina. Mtoto hulelewa, hulishwa na hupendwa katika nyumba nyingine, lakini nasaba yake haifutwi. Hubaki akiitwa kwa jina la baba yake. Nami naona ndani yake hekima ambayo yafanana na desturi za makabila yetu mengi, ambako mtoto wa dada aliyeshindwa huchukuliwa na dada mwingine, wala hapana mtu aendaye kwa karani kufuta jina.

Lakini nisiisifu jamaa kupita kiasi, kwani insha nyingi za shuleni zaisifu bure. Nimeona ami akimchukua mtoto wa ndugu yake mlevi, na baada ya mwaka mtoto hasomi, yuachunga ng'ombe. Na shamba la baba yake lina mlima mpya ambaye ni ami huyo huyo. Nimeona msichana aliyeitwa "mwanetu" mbele ya chifu, na jikoni akaitwa kwa jina la mtumishi. Afisa wa watoto anayemkabidhi mtoto kwa jamaa kisha asirudi kumtazama amefanya nusu ya kazi. Bibi yule wa maandazi alikuwa johari. Si kila ukoo una johari.

Mpango wa taifa uliotangazwa mwaka 2022, wa kuendelea hadi mwaka 2032, wakusudia kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia. Ni kusudio jema. Ila familia nyingine watoto hao walizikimbia kwa sababu ya ulevi, na kumrudisha mtoto katika nyumba ambayo mzazi hakutibiwa ni kumrudisha kwenye moto baada ya kumpaka dawa. Vituo vya tiba vya serikali ni vichache, na vile vya watu binafsi hutoza fedha ambazo familia ya muuza maandazi haiwezi kuziona kwa pamoja. Ndiyo maana nikiulizwa rai yangu, nasema hivi: mtoto aondolewe mapema katika hatari, wala asingoje hata wiki moja, lakini kukata kabisa kuje mwisho, baada ya mzazi kupewa tiba iliyo tiba, na jamaa kutafutwa, na mtoto mwenyewe kuulizwa. Na ikiwa yote hayo yamefanywa, na miaka inapita, na mtoto ni mdogo, na pana mikono iliyo tayari kumpokea, basi ikatwe, na mtu asimwite hakimu mkatili. Mwalimu mwenzangu aliyetaka kitoto kile kiasiliwe hajakubaliana nami hadi leo, naye aniuliza: je, mama angeanguka mara ya nne? Swali lake ni la haki.

Labda wewe usomaye umo katika nyumba ya namna hii. Kama ndivyo, nataka nikuambie mambo machache bila mzunguko. Ulevi wa mzazi wako haukuletwa na karo yako, wala na utundu wako, wala na kuzaliwa kwako. Kumpenda mzazi na kumwogopa kwa pamoja si unafiki. Watu wengi huishi hivyo. Kumwambia mwalimu si kumsaliti mama, na wala haina maana ya kuwa kesho mtagawanywa. Umeona ya kuwa ziko njia nyingi kabla ya kufika huko, na ya kwanza kutafutwa huwa ni jamaa yako. Mbele ya mahakama unayo haki ya kusikilizwa kwa kadiri ya umri wako, na ukisema hutaki kutengwa na wadogo zako, neno hilo liandikwe. Usipokuwa na mwalimu wa kumwamini, iko simu ya watoto, nambari 116. Hailipiwi, nayo hupokewa usiku na mchana. Atakayepokea atakuuliza uko wapi na kama uko salama usiku huo, kisha atakuuliza kama kuna watoto wengine nyumbani pamoja nawe. Mtaje kila mmoja, na umri wake.